Uzi Mwekundu kwenye Makoti ya Ziwa

Jumamosi iliyopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha kufulia. Wasichana wanaochukua kazi yangu wakaniambia, "Mama Dobi, mashine tutaiweza, ila madoa hatuyajui. Tuandikie hata kurasa mbili, tutundike daftari pale ukutani." Nikakubali. Mimi ni wa darasa la nne, tena la enzi zile za kuandika kwenye kibao, kwa hiyo mwandiko wangu mtauvumilia. Mkiniuliza sabuni, nitajibu bila kusita. Lakini kuna jambo moja la makoti ya ziwa ambalo nimelifua miaka yote hii na halijatakata. Nalo nitaliandika. Nikijichanganya msinicheke. Nilichanganyikiwa siku ile na mpaka leo sijachanganuka.

Nilitoka Kitura kuja Mbinga nikiwa na miaka ishirini, kuja kuchambua kahawa. Ghala lilikuwa hili hili, ila wakati ule lilikuwa la chama cha ushirika na paa lilikuwa halivuji. Wanawake tulikaa kwenye meza ndefu, kahawa inamwagwa mbele yako, unatoa nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu. Kila mmoja alivaa koti la kazi, lile refu la bluu lenye vifungo mbele na namba begani. Vumbi la maganda ya kahawa si vumbi la barabarani. Linaingia kwenye uzi wa nguo na kukaa kama lina hati ya kiwanja. Mimi lilinikalia kifuani. Msimu mmoja tu nikawa nakohoa mpaka wenzangu wananihama mezani, wakaniondoa wakanipeleka kufua. Kwa hiyo msije mkasema nilichagua ufundi. Kikohozi ndicho kilichonichagulia.

Aliyenipokea kule nyuma ni Mama Thekla Mbele, Mungu amrehemu. Huyu alikuwa amefua misheni tangu usichana wake, alifundishwa na masista, na alikuwa na mikono myeupe viganjani kama mtu aliyeshika unga. Siku ya kwanza alinikabidhi makoti yote akaenda sokoni. Nikaona bora nimfurahishe. Nikawasha moto chini ya pipa, nikatumbukiza makoti yote, nikachemsha, nikageuza kwa mti kama napika ugali wa harusi. Yakatoka safi, yanang'aa. Kesho yake asubuhi baridi ya Juni ilikuwa imeshika, madirisha yamefungwa, ghala zima likaanza kunuka kama kibuyu cha mtindi kilichosahauliwa. Mama Thekla akanijia na koti moja mkononi.

"Wewe umetoka wapi?"

"Kitura, mama."

"Kitura hakuna watoto wanaonyonya?"

"Wapo, mama."

"Basi kwa nini umepika maziwa yao?"

Hilo ndilo somo la kwanza, liandikeni kwa herufi kubwa. Damu na maziwa ni maji baridi. Jasho na mafuta ni maji ya moto. Mama anayenyonyesha akikaa mezani tangu asubuhi, kifua kinamjaa, maziwa yanatoka yenyewe, yanaingia kwenye koti. Ukilitia kwenye maji ya moto kabla ya baridi, maziwa yanaiva ndani ya kitambaa, na hapo hata uoshe mara kumi, likipata joto la mwili harufu inaamka tena. Loweka kwanza kwenye maji baridi, badilisha maji mara tatu, ndipo upake sabuni. Katika baridi ya hapa kwetu, ukungu ukishuka, koti la hivyo lisipokauka vizuri linachacha kambani. Ligeuze ndani nje, kifua kielekee upepo.

Sasa makoti yote yalikuwa ya rangi moja na kipimo kimoja, na doa la maziwa likikauka halionekani. Ndiyo maana Mama Thekla alikuwa na kijiti cha uzi mwekundu. Mwanamke akirudi kazini baada ya kujifungua, Mama Thekla alishona nyuzi tatu nyekundu kwenye upindo wa ndani wa koti lake, chini kabisa, pasipoonekana na mtu. Koti hilo tuliliita la ziwa. Mwenyewe naye tulisema ni wa ziwa. "Leo wa ziwa wangapi?" "Watano." Basi unajua ni beseni gani. Na mama akimwachisha mtoto, ilikuwa desturi aje mwenyewe chumba cha kufulia aukate uzi kwa meno, asitumie mkasi, na alete kitu kidogo, muwa au mahindi ya kuchoma. "Nimetoka ziwani," anasema, na sote tunapiga vigelegele. Hakuna aliyetuagiza desturi hiyo, ilijiotea tu.

Basi chumba cha kufulia kikawa pia mahali pa kuulizia maswali. Wanawake walikuja na koti mkono mmoja na swali mkono wa pili. Mtoto wangu anakohoa, ni vumbi la kahawa au ni baridi? (Vua koti kabla hujampakata, hata kama analia, na ubadili kitambaa cha kichwani, maana vumbi linalala hapo.) Maziwa yaliyokaa kifuani kutwa nzima yameharibika, nimwage? (Hayaharibiki, mwili si ndoo. Hilo nilijifunza kwa muuguzi wa Litembo, mama mkwe wangu aliniambia kinyume na nikamwaga mengi bure.) Mtoto ananikimbia nikirudi, analilia kwa bibi. Hili jibu lake sikuwa nalo, wa kwangu pia alinikimbia. Mama Thekla alijibu: "Atakurudia. Bibi hana ziwa."

Miaka ya sabuni kukosekana tulifua kwa majani ya mpapai na majivu, na tulifua. Mliokuta sabuni ya kila rangi dukani hamwezi kuamini. Kisha ikaja ruksa. Tukaambiwa soko limekuwa huria, kila mtu auze, kila mtu anunue. Sabuni zikajaa, mitumba ikajaa, mtu wa Kitura akavaa koti la manyoya la Mzungu akienda shamba. Tulifurahi, kwa nini niseme uongo. Chama ndicho kikawa kinapungua kama kipande cha sabuni mkononi, hujui kimeishia wapi. Mama Thekla alistaafu na kufariki kabla hajaona mwisho. Mwaka mmoja msimu ukaanza na kibao kipya getini: ghala limechukuliwa na mnunuzi binafsi. Akaja meneja kutoka mbali, Bwana Kisaka, mtu wa shati jeupe, mpole, asiyejua mtu wala kilima. Msimamizi akawa Desideri Nombo. Huyu alikuwa mwenzetu, Mmatengo, amekulia hapa hapa, mama yake mzazi alichambua kahawa na sisi. Kumbukeni hilo, litakuja.

Katika wanawake wa mezani alikuwepo Hilda, wa Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa, Mnyasa, Mwanglikana. Mume wake alikuwa fundi wa magari pale stendi, wamepanga chumba karibu na soko, na mama mkwe wake alipanda kutoka ziwani kuja kulea. Wenzake walimtania, "Wewe wa usipa, huku juu umefuata nini?" Wale dagaa wa ziwani huitwa usipa. Naye hakubaki nyuma. "Nimefuata Wakatoliki niwaone. Jumamosi ninyi mnaenda kuungama, sisi tunafua. Nani anatakata?" Alikuwa na mtoto wa kike, Frida, wa miezi mitano, na mchana Hilda alikimbia nyumbani kumnyonyesha na kurudi kabla ya kengele.

Siku moja alinijia hana utani.

"Mama Dobi, Frida amekataa ziwa."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Usiku ananyonya vizuri kabisa. Mchana nikifika namweka kifuani, anageuza uso, analia kama nimemchoma. Siku nne sasa. Narudi hapa nimejaa mpaka mgongoni kunauma, na yeye anabaki na njaa. Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa, eti hatukungoja aache ziwa, ananitazama mimi na mwanawe kama wezi."

Kila mtu alikuwa na jibu. Mmoja alisema maziwa yamechacha. Mwingine alisema kuna jicho la mtu. Mama mkwe alikuwa ameanza kumpa uji wa mahindi, naye Frida akaanza kuhara, na Hilda akawa anasema labda aache kazi. Na akiacha kazi wale nini, fundi wa magari anapata siku anayopata.

Nilikaa na koti lake magotini sijui natafuta nini. Doa hakuna. Nikalinusa. Lilinukia vizuri, maua matupu. Hapo ndipo nilipojishtukia. Kampuni mpya ilikuwa imetuletea sabuni ya unga yenye manukato makali, na mimi kwa kujisikia nilikuwa naimwaga kwa mkono uliojaa. Hilda usiku alikuwa anavaa khanga yake. Mchana alikuwa anakimbia na koti langu, hana muda wa kuvua, anafungua vifungo tu. Mtoto alikuwa anatafuta mama yake, anakutana na duka.

Nikalifua koti kwa sabuni ya mche ile ya kawaida, maji matatu, bila ile bluu ya kung'arishia. Nikamwambia, "Na ukifika, livue kabisa." Kesho yake mchana alirudi kengele imeshalia, anahema, koti limefungwa vifungo vya kupishana, anacheka.

"Amekula?"

"Amekula mpaka ameng'ata! Mama Dobi, wewe ndiye unayelijua ziwa langu kuliko mume wangu."

Ghala zima likacheka, na Desideri alikuwa amesimama mlangoni, akacheka naye. Lile la uvumi wa mama mkwe likaisha. Nawaandikia hili kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote, na kwa sababu lilifuatwa na ile niliyoifanya vibaya kuliko zote, na yote mawili yalifanywa na mikono hii hii, ndani ya mwezi mmoja.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi Hilda alisimama. Akamwambia Bwana Kisaka, kwa adabu zote, kwamba wanaonyonyesha wapewe muda kidogo mchana, wasiwe wanakimbia kama wameiba. Bwana Kisaka akaandika kwenye daftari lake, akasema, "Tutaliangalia." Tulifurahi. Sisi mtu akiandika jambo tuliona limekubaliwa.

Juma lile lile Desideri akaingia chumba cha kufulia. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni.

"Shikamoo Mama Dobi."

"Marahaba."

"Meneja anataka majina ya wa ziwa. Wote. Leo leo."

"Wa ziwa?"

"Wa ziwa. Si wewe unawajua?"

Niliwajua. Nani angewajua kunishinda? Nikafuta mikono. Nikasema moyoni, ombi la Hilda limepita. Nikaenda kambani, nikageuza upindo wa koti moja baada ya jingine, kila lenye uzi mwekundu nikamsomea Desideri namba ya begani, naye anaandika. Yalikuwa saba. Hilda wa kwanza. Wa mwisho alikuwa Gaudensia Kapinga wa Litembo, ambaye mtoto wake alikuwa amefikisha umri wa kuachishwa na alikuwa amesema Jumatatu atakuja kukata uzi. Nikasita kwa huyo. Nikajiambia, mwache apate naye hata siku chache za hicho kipumziko. Nikamsoma. Mpaka leo nikilala naona kidole changu kwenye upindo wa koti la Gaudensia.

Barua zilitoka Ijumaa. Wale saba waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja akatia sahihi kwamba amepokea. Barua ilisema kampuni inafungua ghala la kununulia kahawa Mbamba Bay, na kwamba "kwa kuwa wewe ni mwenyeji wa ziwa" unahamishiwa huko, uripoti Jumatatu, na asiyeripoti atahesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake.

Sasa hebu nielezeni ninyi mliosoma. Katika wale saba, wa kutoka ziwani alikuwa Hilda peke yake. Wengine ni Wamatengo watupu, watu wa milima na wa kulima kwa mashimo ya ngoro, wana watoto wa kunyonya mgongoni. Na alikuwepo Agnesi, wa ziwani kweli kweli, hana mtoto, aliyekuwa akiomba kila siku ahamishiwe kwao. Hakupata barua. Alinijia analia. "Mama Dobi, mbona mimi wa ziwani umenisahau?"

Nikamfuata Desideri uani. Sikumsalimia.

"Desideri, hawa wanaonyonyesha mbona wanapelekwa Mbamba Bay?"

"Si wewe uliyesoma majina?"

"Uliniomba wa ziwa."

"Ndiyo. Wa ziwa."

"Ziwa gani?"

"Mama Dobi, na wewe hulijui ziwa? Lile lenye maji."

"Gaudensia Kapinga wa Litembo ni wa maji? Huyo hajaliona hata kwa mbali!"

"Basi atalifurahia."

Akacheka. Ni kicheko kile kile alichocheka mlangoni siku ya Hilda. Ndipo nikakumbuka kwamba aliusikia mzaha ule wa ziwa, na kwamba mama yake mwenyewe aliwahi kuvaa koti la uzi mwekundu, na mtoto aliyekuwa akinyonya alikuwa yeye. Alijua lugha ya chumba kile tangu hajaota meno. Tena mtu anayetaja watu wa kule husema "wa ziwani." Kwa nini alisema "wa ziwa"?

Nikaenda kwa Bwana Kisaka. Alinisikiliza. Akaniuliza, na uso wake ulikuwa uso wa mtu asiyejua, au aliyejifunza vizuri kutojua: "Kwani hawa wote si watu wa Ziwa Nyasa?" Nikamweleza neno lilivyo, ziwa la maji na ziwa la mtoto. Akaona haya kidogo. Akachukua karatasi ya Desideri kutoka kwenye faili akanionyesha. Juu imeandikwa WA ZIWA, chini namba saba. Basi. "Mama," akasema, "barua zimeshatiwa sahihi. Siwezi kuzirudisha kwa sababu mfuaji hakuelewa neno." Mfuaji hakuelewa neno! Nikatoka, nikarudi kwenye beseni.

Waliobaki hapa, wale sita, hawakwenda. Nani angeteremka ile barabara na mtoto mchanga kwenda kusikojulikana, amwache mume, mahindi yako shambani? Wakahesabiwa wameacha kazi kwa hiari. Gaudensia hakuja Jumatatu kukata uzi. Juma lililofuata wakaja wasichana saba, hakuna aliyezaa. Mmoja alikuwa mtoto wa shemeji yake Desideri. Ghala likawa halina mtu wa kutoka mchana. Bwana Kisaka alihamishwa mwaka huo huo, naye Desideri Nombo akafungua duka la mitumba sokoni, mnalijua, lile la pembeni. Ukipita atakuamkia vizuri sana.

Nimewataja hao wawili. Wa tatu ni mimi, Benigna Kinunda. Sikuacha kazi. Nilikuwa na watoto watatu shule, na nikajiambia nikiondoka nani atafua. Kila jibu likija najiona nimelipika kama yale makoti ya siku ya kwanza, linang'aa na linanuka.

Hilda alikwenda. Kwake barua ilikuwa na maana, kule ni kwao. Mwaka uliofuata mvua zilipokatika niliteremka Mbamba Bay kumtafuta, nimelikunja koti lake kwenye mfuko. Lilikuwa limebaki kambani siku ile ya barua, na kwenye orodha ya vifaa nililiandika limechakaa. Nilimkuta ufukoni anatandaza usipa kwenye vichanja. Frida anatembea tayari, anapiga kelele kuwafukuza kunguru.

"Mama Dobi! Karibu ziwa," akasema. Akapangusa magamba mikononi. Akasema, "Hili la maji."

Tukacheka, kisha hatukucheka.

Nikamwuliza kuhusu ghala. "Lilikuwepo," akasema. "Lilikuwa na mbuzi ndani. Nilikaa mlangoni siku tatu na barua mkononi na mtoto mgongoni, mwenye mbuzi akanihurumia akanipa maji. Msimu wa pili wakaja kweli na mizani. Wakachukua wanaume."

Kwa hiyo ghala lilikuwepo au halikuwepo? Nikamwambia nililolijia, kwamba ni mimi niliyesoma namba, yake ya kwanza, na kwamba nilidhani ni saa ya kunyonyesha. Alikuwa anageuza usipa, hakusimama.

"Desideri aliniuliza mimi kabla yako," akasema. "Pale getini. Aliniuliza, 'Hilda, wewe si wa ziwa?' Nikamjibu, tena wa ziwa kabisa, baba na babu. Nilijisifu. Siku zote nilijua ni mdomo wangu ulioniponza."

Hata yeye alikuwa amejibebesha lawama mwaka mzima.

Nikampa koti. Akalinusa kifuani kwanza. "Sabuni ya mche," akasema. Akageuza upindo, akauona uzi mwekundu, akaukata kwa meno, nyuzi zote tatu, akanitilia kiganjani. "Nimetoka ziwani, Mama Dobi. Zamani." Hapakuwa na mtu wa kupiga vigelegele isipokuwa kunguru. Kisha akanifungia usipa kwenye gazeti, maana desturi inataka ulete kitu. Nilipanda nao Mbinga njia nzima nikiwa sijui nimebeba msamaha au nimebeba samaki.

Tangu barua zile, miaka mingi, sikuona tone la maziwa kwenye koti la mtu. Na watoto walikuwa wakizaliwa. Wanawake walijiwekea vitambaa kifuani, wakajifulia makoti yao nyumbani, na akija mtu chumba cha kufulia ni kuchukua koti na kuondoka. Maswali yakaisha. Hakuna aliyeniuliza tena kuhusu kikohozi wala uji. Mtoto wa mtu angekataa ziwa siku nne, mimi niko hapa na jibu lake, na mama yake ananipita ananiambia "Shikamoo, nina haraka." Hicho ndicho kilichoniuma kuliko maneno ya Bwana Kisaka.

Sasa ya kazi, nimalize. Mashine ina kitufe cha maji ya moto, fundi atawaambia kinaua vijidudu. Kinaua, na maziwa kinayapika vile vile. Sabuni ya unga wekeni nusu ya wanayosema. Kamba ya upande wa mlima ndiyo inayopata jua la kwanza. Mkihesabu vifaa mtaona kijiti cha uzi mwekundu hakipo. Msimsumbue mlinzi, nimekichukua mimi. Msinunue kingine. Na mtu yeyote, awe na shati jeupe au awe mtoto wa mwenzenu, akija kuwauliza wa ziwa ni akina nani, mwambieni ninyi mnafua tu.

Katika makoti niliyoyaacha kambani Jumamosi, moja ni la ziwa. Mwenyewe hajamwambia mtu, na anaogopa, nimemwona. Mimi katika daftari hili nimewataja watu kwa majina yao. Huyu simtaji. Mtalijua kwa kulinusa. Maji baridi, mara tatu, kisha sabuni ya mche.